Nasoma sheria mwaka wa kwanza, kesi zimenizidi nguvu, nifanyeje?

Shikamoo dada Wakili. Naomba jina langu lisitokee maana darasa letu karibu lote linasoma safu yako na CR wetu, kiongozi wa darasa, ndo anaongoza kwa umbea.

Mimi ni binti wa miaka 21, nasoma sheria mwaka wa kwanza hapa Dar, saa hizi tuko semista ya pili. Kwetu Tabora. Advansi nilisoma HGL na nikwambie ukweli nilikuwa moto, divisheni wani ya pointi 6, watu wameniita wakili tangu niko fomu faivu. Sasa nimefika chuo mambo ni mengine kabisa dada.

Tuna masomo sita, kontrakti, tort (sheria ya madhara), jinai, katiba, legal method, halafu na DS (Development Studies) ambayo mpaka leo sielewi imefuata nini kwenye sheria. Kila lekchara akiingia anaacha orodha ya kesi kama vile somo lake liko peke yake duniani, juzi wa tort katupa kesi 11 za wiki moja. Na mimi nasoma kweli, sio kwamba nazurura. Nachukua kesi naiandika kwenye daftari mwanzo mpaka mwisho maana nikisoma kwenye simu haiingii, na Kiingereza chenyewe ni kile cha mababu wa mababu. Donoghue v Stevenson, ile ya konokono kwenye chupa ya soda, nilikaa nayo siku mbili nzima, kurasa 14, mkono ukavimba, yule jaji wa kwanza Lord Buckmaster nimemnakili neno kwa neno. Kwenye test swali likaja la hiyo hiyo kesi, nikashukuru Mungu, nikamwaga yote. Karatasi imerudi nina 5 kwenye 20 na lekchara kaandika pembeni kwa peni nyekundu, "nani alishinda?" Sikuelewa hata anauliza nini. Kosiweki ya tort jumla nina 17 kwenye 40, na kwetu ukiwa chini ya 16 UE, mtihani wa mwisho wa semista, hukai, yaani nimepona kwenye tundu la sindano.

Ratiba yangu iko hivi, saa 12 asubuhi niko kituoni nagombania daladala, saa 2 niko darasani, saa 11 jioni tunatoka, saa 2 usiku grupu diskasheni, tuko watu 11, tunakaa mpaka saa 5 na hapo lisaa lizima limeishia kwenye Simba na Yanga, nikirudi geto ndo nafungua daftari nakopi mpaka saa 9 usiku. Asubuhi darasani nasinzia mpaka kichwa kinagonga meza. Bumu, hela ya mkopo, likiingia nusu linaishia stationari kwenye fotokopi. Na juu ya hapo nimejiunga na muut, ile mahakama ya kuigiza, maana niliambiwa bila muut sivii haina kitu.

Nyumbani nako ni mtihani mwingine. Mama kashatangaza mtaa mzima mwanangu mwanasheria, sasa mjomba ana kesi ya shamba na jirani yake, kila Jumapili ananipigia, juzi kanitumia WhatsApp picha 23 za makaratasi anataka nimwandikie utetezi. Mimi sheria ya ardhi hata sijaanza! Nikimwambia sijui anasema kumbe tunakusomesha bure.

Semista ya kwanza nilipata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, kontrakti na DS (DS dada, nililia), zinanisubiri mwezi wa tisa. Halafu wiki iliyopita rumeti kanionyesha habari ya mwaka 2022 ya Law School, ile shule ya uwakili unayokwenda baada ya digrii, walifanya mtihani watu 633 wakafaulu 26. Nikajiuliza sasa hata nikimaliza hapa naenda wapi.

Nahirishe mwaka nipumzike? Nihamie kozi nyingine, maana rumeti yuko HR na analala saa 4? Au kuna namna wenzangu wanasoma mimi sijaambiwa?

Mwenye madaftari mengi, Dar

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilifika pale kwa Buckmaster nikacheka mpaka nikajisikia vibaya, unisamehe. Ngoja nikwambie kwanini lekchara aliuliza nani alishinda. Ile kesi House of Lords mwaka 1932 ilikaliwa na majaji watano, watatu wakasema yule mama anaweza kumdai mtengeneza soda, wawili wakakataa, na Buckmaster ni mmoja wa hao wawili. Ila kwenye ripoti ya kesi maneno yake ndo yamechapwa ya kwanza. Kwa hiyo wewe umekesha siku mbili, mkono umevimba, unanakili upande ulioshindwa, halafu ukaenda kuumwaga kwenye test kama ndo sheria yenyewe.

Na hapo ndo ugonjwa wako ulipo, mengine yote ni homa tu. Unanakili. Hujawahi kusoma kesi hata moja, umeziandika. Saa 9 usiku mkono unatembea lakini kichwa kimeshalala toka saa 6, na mwisho una daftari zuri na huna jibu.

Fanya hivi. Kabla hujafungua kesi angalia kwenye kozi autilaini imewekwa chini ya mada gani. Donoghue iko chini ya uzembe, wajibu wa kuchukua tahadhari. Kwa hiyo unaingia na swali moja tu mkononi, mimi nina wajibu wa kumwangalia nani? Ukishaingia nalo, anza na ule muhtasari unaokaa juu ya kesi kwenye ripoti, pale utajua nani kashinda na majaji wangapi kwa wangapi, dakika tano. Kisha nenda moja kwa moja kwa jaji aliyebeba wengi, hapa ni Lord Atkin, msome yule taratibu, hasa pale anapouliza jirani yangu kisheria ni nani, na kujibu kwamba ni yule ambaye ningetakiwa kumfikiria kwamba kitendo changu kinaweza kumuumiza. Huyo ukimwelewa kesi umeimaliza. Buckmaster unampa mstari mmoja, "alikataa, alisema sheria iliyopo haiendi huko."

Halafu andika nusu ukurasa. Nasema nusu, ukizidi umeanza kunakili tena. Ya Donoghue ingekaa hivi: Bibi Donoghue na mtengeneza vinywaji Stevenson, House of Lords 1932, tatu kwa mbili. Rafiki alimnunulia soda ya tangawizi kwenye mgahawa mjini Paisley, Scotland, mwaka 1928, chupa haionyeshi ndani, baada ya kunywa ndo yakatoka mabaki ya konokono, akaumwa, na yeye hana mkataba na mtu maana aliyelipa ni rafiki. Swali, mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji asiye na mkataba naye? Jibu, ndiyo, kama bidhaa inamfikia mlaji bila mtu katikati kuikagua. Sababu, jirani wa Atkin. Basi, umemaliza, unaweza kwenda kula.

Weka na mstari mmoja wa mwisho ambao wengi hawauweki, inatuhusu nini huku kwetu? Maana najua umeshajiuliza kimoyomoyo konokono wa Scotland kafuata nini Tabora. Sheria yetu ya JALA (Judicature and Application of Laws Act) kifungu cha 2(3) inazitaka mahakama kufuata kiini cha komoni loo, sheria inayotokana na maamuzi ya majaji, ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo hatuna sheria yetu wenyewe na kwa kadri hali yetu inavyoruhusu. Sasa 1932 iko baada ya 1920. Hiyo kesi inatufunga au inatushawishi tu? Ukiweza kulijibu hilo kwa sentensi tatu kwenye mtihani, nakuhakikishia msahihishaji atakaa vizuri kwenye kiti.

Usidhani nakucheka kutoka juu mlimani, na mimi yangu ninayo. Mwaka tulipofanya sheria ya familia kulikuwa na desa, notsi za mkato, linazunguka chuoni, limefotokopiwa mpaka herufi zimekuwa vivuli, na humo kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya Mahakama ya Rufani, 1983, imeandikwa mstari mmoja: kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ambayo ni kweli, ndo kanuni yake chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Test ikaja na mke wa nyumbani ambaye mume alimpa mtaji wa mradi wa familia akautapanya, sasa wameachana anadai mgao. Nikaandika kwa mbwembwe zote, kama Bi Hawa alivyoshinda na huyu atashinda. Mdogo wangu, Bi Hawa hakushinda! Kanuni ilikubalika lakini rufaa yake ilitupwa, kwa sababu alishapewa hela za mradi na mumewe akazitapanya, ikaonekana fungu lake ameshalichukua. Yaani swali lilikuwa ni ile ile kesi imevalishwa nguo nyingine na mimi nikajibu kinyume. Nilipata 4 kwenye 15 na toka siku ile desa nalitumia kama mtu wa kuniuliza njia tu, nikishaonyeshwa nyumba nabisha hodi mwenyewe. Kesi zetu siku hizi ziko TanzLII, tovuti ya kesi na sheria za Tanzania, bure, huna sababu ya kumalizia bumu stationari.

Haya, kontrakti, ambayo una sapu. Nikuulize, Sheria ya Mikataba Sura ya 345 umeshawahi kuifungua? Sio maelezo ya lekchara, sheria yenyewe. Nikiwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza hili swali huwa wanaangalia chini. Vifungu vyake vingi vimechukuliwa kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ndo maana kwenye orodha yako kumejaa Wahindi, kina Mohori Bibee wa mwaka 1903 na mkataba wa mtoto mdogo. Soma kifungu kwanza, kesi baadaye. Kifungu cha 10 kinakwambia makubaliano gani ni mkataba, cha 11 kinakwambia nani ana uwezo wa kuingia mkataba, sasa Mohori Bibee unaitundika hapo kwenye cha 11 kama koti kwenye msumari. Ukiwa na misumari yako kumi na tano kesi 60 hazikutishi, utakuta nyingine tatu zinasema kitu kile kile na unahitaji moja.

Za tort, zile 11 za wiki, hazisomwi na mtu mmoja. Jitoeni watu wanne kwenye hilo grupu lenu la watu 11, kimya kimya bila kutangaza maana mtagombana, wanne wale ambao ukiwaambia saa 2 wanafika saa 2. Kila mtu kesi tatu, mmoja mbili, kila mtu analeta nusu kurasa zake, mnatumiana kabla, na mkikutana hamsomi, mnachukua swali la pepa za nyuma mnajibu mnabishana. Saa moja na nusu, mnaondoka. Simba na Yanga wana uwanja wao.

Kuhusu Kiingereza, wala sio wewe peke yako. Mimi nilikuwa naeleza kesi kwa Kiswahili kwanza, kama namsimulia mama jikoni, nikishaweza kuisimulia bila kutazama ndo naiandika kwa Kiingereza, na sentensi zinakuja fupi na safi. Siku hizi una simu, jirekodi dakika mbili, daladala la asubuhi sikiliza. Na ucheke kidogo na hali yetu, mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho Kiswahili kikawa ndo lugha ya sheria na mahakama, ila UE yako bado inakusubiri kwa Kiingereza.

Sasa twende kwenye kupunguza mzigo, maana hapo umebeba na visivyokuhusu.

Muut acha. Mwaka huu acha. Mimi niliingia mwaka wa tatu na sijawahi kuona mtu akinyimwa kazi kwa sababu mwaka wa kwanza hakuigiza mahakama. Mwenye sapu mbili na kosiweki ya 17 hana jioni ya kugawa.

Hiyo 17 yenyewe wala sio msiba. Kama pasi kwenu ni 40 unahitaji 23 kwenye 60 za UE, ukijibu hata nusu ya pepa vizuri umevuka na chenji inabaki. Usiingie mle na kichwa cha mtu anayezama.

DS nakujua, uliidharau. Wote tuliidharau. Tafuta pepa za nyuma za miaka mitano, maswali yanajirudia kama daladala za ruti moja, wiki mbili za mwezi wa nane zinaitosha.

Usingizi, saa 6 usiku mwisho. Kama kuna kesi imebaki ibaki. Na kama ukianza kulala mapema na bado wiki zinapita unalia, huli, kifua kinabana, nenda kituo cha afya cha chuo uonane na mshauri, wapo, na hakuna atakayekuandika popote kwamba umeshindwa sheria.

Mjomba. Hapa nataka unisikilize vizuri kuliko pale kwenye konokono. Usimwandikie chochote. Wewe bado sio wakili, na kama amepewa karatasi za kujibu zina siku zake, zikipita wakati anakusubiri wewe umalize test shamba linaweza kwenda hivi hivi. Mtumie leo leo, kwa adabu: "Shikamoo mjomba. Nimeziona karatasi. Mimi bado sijafika kwenye ardhi na sina ruhusa ya kuandika nyaraka za kesi, nikikosea utaumia wewe. Naomba kesho uzipeleke kwa wasaidizi wa kisheria hapo wilayani, ofisi ya maendeleo ya jamii watakuelekeza walipo, uwaonyeshe tarehe ya kujibu kabla ya kitu kingine." Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure. Tena aangalie yuko baraza gani, baraza la kata tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, kesi yenyewe inaamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Atanuna Jumapili moja. Ya pili atapiga kukusalimia.

Na hiyo habari ya Law School ya 2022, rumeti wako kakupa nusu. Ni kweli 633 na ni kweli 26, ila 342 walipata sapu na 265 ndo walikula disko, yaani waliondolewa. Yaani zaidi ya nusu ya wale watu walikuwa na kitu kile kile ulicho nacho wewe sasa, sapu. Ilikuwa kelele kubwa nchini mpaka serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na wengi tuliokuwa tunafuatilia tulikuwa tunajiuliza watu wamepitaje miaka yote ya digrii. Wengine najua walivyopita, kwa daftari kama lako. Bora wewe imekubana mwaka wa kwanza.

Kuahirisha mwaka, kwa hayo uliyonieleza hapana. Ukiahirisha sapu zinakusubiri pale pale na mkopo wako lazima uulizie bodi ya mikopo kwanza utakaaje, wengine wameahirisha kwa hasira wakaja kuhangaika na bumu mwaka mzima. HR kama unaipenda nenda, ni kozi ya maana, lakini usihame kwa sababu rumeti analala saa 4. Na wewe utalala.

Jumamosi hii anza na Sura ya 345, kifungu cha 10, hicho nakuruhusu ukinakili neno kwa neno maana ni kifupi. Nitumie nusu kurasa yako ya kwanza niione. Na zile kurasa 14 za Buckmaster usizitupe, mwaka wa pili ukirudi kwenye muut lazima kuna mtu atapangwa kumtetea Stevenson.